Mkristo na gunia la lumbesa

Mzazi wa Kikristo akiulizwa amemrithisha mtoto wake nini katika imani, atataja Sala ya Bwana, Amri Kumi, mafundisho ya kipaimara na ibada ya kila Jumapili. Hakuna baya hapo. Ila Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 6, inapomwagiza mzazi awafundishe wanawe maneno ya Mungu, inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka, basi. Hekalu halimo. Somo lenyewe ni shughuli za siku, na mtoto husoma zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Kwa hiyo anayetaka kujua malezi yetu ya Kikristo yamefika wapi aende sokoni, akaangalie gunia.

Kanuni za vipimo Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Pamoja na hayo, viazi vya Njombe na vitunguu vya Mang'ola vimekuwa vikishindiliwa gunia likajaa, kisha likaongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Mzigo huohuo ukifika mjini hauuzwi tena kwa lumbesa. Unapimwa kwa kilo au kwa kisado, na wakati mwingine kisado chenyewe kimebonyezwa. Kipimo kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia: sura ya 25 ya kitabu hichohicho inakataza jambo hili hasa, mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na jingine jepesi. Naye Amosi, mtu wa Tekoa, aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakiishika Sabato huku wakiuliza itakwisha lini wafungue ghala, wapunguze kipimo na kupandisha bei. Tuzingatie kwamba watu hao hawakuwa wapagani. Ibada walihudhuria.

Nitajibiwa kwamba soko ndivyo lilivyo. Mnunuzi akiikataa lumbesa, mwenzake ataichukua na kumshinda kwa bei. Hoja hii ina uzito kwa mkulima, ambaye viazi vinamwozea shambani akibisha, na mimi simlaumu. Kwa mnunuzi haina uzito huo. Zakayo naye alikuwa mkuu wa watoza ushuru katika utaratibu uliowazoesha watu kutoza zaidi ya haki, na bado hakungoja Roma irekebishe sheria zake. Alitoa nusu ya mali kwa maskini, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba yake ilikuwa na hesabu.

Wapo pia wanaosema tunaokolewa kwa neema, kwa hiyo mambo ya mizani ni ya Wakala wa Vipimo. Waraka kwa Waefeso, wanaoutegemea kwa hoja hiyo, hauwaungi mkono: baada tu ya kuieleza neema unataja matendo mema tuliyoumbiwa, na mbele kidogo unamwamuru mwizi aache wizi, afanye kazi kwa mikono yake.

Pingamizi gumu ni la kijana aliyerithi biashara kwa baba pamoja na debe lililobonyezwa. Amri inasema awaheshimu wazazi. Je, akilitupa debe hilo amemdharau baba? Paulo anawataka watoto watii katika Bwana, na maneno hayo mawili yanauwekea utii mpaka. Ezekieli, sura ya 18, anakwenda mbali zaidi: anamsifu mwana aliyeona dhambi za baba yake asizifuate. Heshima kwa mzazi ni kumtunza, kumsikiliza, kutomtangaza vibaya mtaani. Kuendeleza udhalimu wake si sehemu ya deni hilo, na mzazi anayedai ilipwe hivyo amevuka mamlaka aliyopewa. Kusema kweli, hapa makanisa yetu yamekuwa mepesi mno: kijana hukumbushwa utii kila mara, baba haulizwi anafundisha nini anaposhona gunia mbele ya mwanawe.

Basi, wachungaji na makatekista wa Njombe hadi Karatu, darasa lijalo la kipaimara lipewe kipindi kimoja cha mizani, na wazazi walazimike kuhudhuria.