Kibali cha mgeni na ujuzi unaobaki

Mji wa Morogoro, ulioegemea milima ya Uluguru, umeshuhudia reli mbili. Ya Wajerumani ilifika hapo mwaka 1907. Ya kisasa, kutoka Dar es Salaam, walipewa Yapı Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno kwa mkataba wa mwaka 2017, nayo ikaanza kubeba abiria Juni 14, 2024.

Mikataba ya namna hii huja na mafundi wenye vibali vya muda. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 iliweka kibali cha kazi kuwa cha miezi 24, ikamtaka na mwajiri aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni. Wengi hulalamikia idadi ya wageni. Sisi hatuoni ubaya kumpokea mjuzi. Ubaya ni kukagua mhuri wa pasipoti na kuuacha mpango huo kabatini. Mgeni akiondoka na elimu yake, siku mtambo utakapoharibika ataitwa tena, kwa kibali kipya na gharama mpya.

Basi anayeombwa kuongeza muda wa kibali na aulize kwanza: ni kijana gani wa Kihonda aliyefundishwa, na leo anaweza kufanya nini peke yake?