Fungeni Poti 443, Tuwaone

Wapo mnaodai kwamba anayeendesha seva ya kupitisha mawasiliano ndani ya trafiki ya wavuti ana la kuficha, na dawa ni kufunga poti 443. Haya, ifungeni! Ndiyo poti ya HTTPS: benki, barua pepe na tovuti za serikali hupita humo humo. Mmemnasa mhalifu mmoja, mmezima nchi nzima. China, pamoja na wataalamu wake wote, haitegemei dawa hiyo. Huzibishia hodi seva inazozishuku ione zinavyojibu, na watu bado wanapenya. La kuficha? Mhasibu aliye safarini anaingia mtandao wa ofisi kupitia seva kama hiyo, basi. Mkitaka la kuogopa, mwogopeni mwenye seva: yeye huona kila mteja anakoelekea.