MAMA NA KAZI: Kompyuta Ikigoma, Ieleze Kabla Haijafutwa

Mwezi huu tuzungumze na akina mama wanaojipatia riziki kwa kompyuta. Kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Geita na Katoro, steshenari ni kazi ya mama wengi. Mchimbaji mdogo huja kutoa nakala ya leseni yake, mwalimu huleta mtihani wa kuchapa, na kikundi cha kuweka na kukopa huhifadhi hesabu zake humo humo.

Sasa chukulia mama anafungua folda ya kazi za wateja, mara dirisha linajifunga lenyewe. Kwenye Windows, hata ule mstari wa chini ya skrini hutoweka, kisha hurudi. Mama anashtuka, anakimbilia kwa fundi na kusema, "Kompyuta imekufa." Fundi mwenye haraka anajibu, "Tupige Windows upya." Jioni kompyuta inawaka vizuri, lakini hesabu za kikundi za mwaka mzima hazimo.

Mama, elewa jambo hili: mara nyingi kilichoanguka ni programu inayoonyesha mafaili, si mafaili yenyewe. Programu hiyo huitwa File Explorer, na ndiyo pia inayochora ule mstari wa chini. Mlango wa ghala ukikwama, haina maana kwamba mahindi yameoza.

Kwanza, chunguza mwenyewe. Je, dirisha hufungika kwenye folda zote au moja tu? Kama ni moja, yenye picha na video za harusi, huenda kuna faili lililoharibika, labda flashi ilichomolewa au umeme ulikatika wakati wa kunakili. Programu hujaribu kuchora kipicha cha kila faili, na ikifika kwenye lile bovu huanguka. Iagize ionyeshe orodha ya majina tu badala ya vipicha, kisha uhamishe mafaili mazima.

Je, hufungika unapobonyeza upande wa kulia wa kipanya? Hapo shuku programu iliyoingizwa karibuni, kama ya kufungua mafaili yaliyobanwa au ya kuzuia virusi, kwa kuwa nyingi hujipachika kwenye orodha ile. Iondoe uone. Je, ni kwenye flashi ya mteja mmoja tu? Jaribu nyingine. Lakini kompyuta ikiwa nzito kila mahali na diski inagonga-gonga, acha yote, nakili kazi zako upesi.

Pili, andika. Weka daftari karibu na kompyuta: tarehe na saa, ulikuwa unafanya nini, ulitazamia nini, kikatokea nini. Maneno yanayotokea kwenye skrini yapige picha kwa simu; usiyasimulie kwa kukisia. Watengenezaji wa programu huria duniani kote huuliza mambo hayo hayo wanapopokea taarifa ya hitilafu, pamoja na toleo la programu na kama kosa hurudi ukirudia hatua zile zile. Wala usione haya kusema kwamba kijana aliingiza muziki kutoka flashi ya rafiki. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu, iulize kompyuta yenyewe. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, kisha bonyeza Enter. Utaona kalenda ya siku zilizopita, na alama nyekundu ya X siku programu ilipoanguka. Fungua maelezo yake utafute jina la kijisehemu kilichosababisha kosa. Si lazima ulielewe. Linakili kwenye daftari, kwa maana fundi mzuri huanzia hapo.

Mwisho, kabla hujaiacha kompyuta kwa fundi yeyote, hamisha kazi zote kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ni nzima. Mwambie waziwazi asifute kitu bila ruhusa yako. Fundi anayeuliza maswali kabla ya kufungua bisibisi ndiye wa kurudi kwake. Na hesabu za kikundi ziwe na nakala nyumbani kwa mweka hazina, kwa sababu fedha zile ni jasho la wengi.

Kazi njema, akina mama.