Takwimu za machungwa zasahau kitalu kinakotoka mche

KILA mara takwimu za kilimo cha matunda zinapotolewa nchini, macho ya wengi huelekezwa kwa mambo matatu: ukubwa wa mashamba ya michungwa, tani zilizovunwa na thamani yake sokoni. Ni wachache wanaouliza miche iliyopandwa katika mashamba hayo ilitoka wapi.

Swali hilo ni zito. Mkulima wa Makueni au Kwale anayenunua mche leo hana budi kusubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma tunda la kwanza. Iwapo mche huo ulipandikizwa kutoka kwa mti mgonjwa, atakuwa amepoteza pesa, ardhi na muda usioweza kurudishwa.

Kurugenzi ya Mazao ya Bustani (HCD) ndiyo husajili vitalu vya miche ya matunda, huku shirika la KEPHIS likikagua afya ya mimea. Hata hivyo, miche huuzwa pia kando ya barabara, ambapo mnunuzi hapewi stakabadhi yoyote.

Takwimu za mashamba, zikisomwa kwa makini, zaweza kufichua ukubwa wa biashara hiyo. Michungwa ikipandwa kwa nafasi ya mita tano kwa sita, hekta moja huchukua takriban miti 333. Chukulia kaunti yenye hekta 1,000 ambayo imeongeza hekta 100 kwa mwaka mmoja. Hekta hizo mpya zitahitaji miche 33,300. Ikiwa asilimia 3 ya miti ya zamani hufa na kupandwa upya, miche mingine 10,000 itahitajika.

Jumla yake ni zaidi ya miche 43,000. Endapo vitalu vilivyosajiliwa viliuza 20,000 pekee, basi zaidi ya nusu ya miche ilitoka kusikojulikana.

Lakini hesabu hiyo ina mtego. Takwimu za hekta huonyesha tofauti ya mwaka mmoja na mwingine, wala si miti iliyong'olewa. Kaunti iliyong'oa hekta 60 na kupanda 160 itaonekana kuwa imeongeza 100 tu. Isitoshe, mavuno ya leo ni matokeo ya miche ya miaka kadhaa iliyopita. Tani zikishuka, takwimu pekee haziwezi kueleza kama chanzo ni ukame au ugonjwa.

Jimbo la Florida nchini Marekani hutoa funzo. Huko, miti ya machungwa huhesabiwa kwa aina na kwa mwaka iliyopandwa, na serikali kuu imefanya sensa maalumu za vitalu na bustani, zikiwemo za 1998, 2009, 2014 na 2019.

Ugonjwa unaodhoofisha michungwa na kuyaacha matunda yakiwa ya kijani, huanglongbing, uligunduliwa jimboni humo mwaka wa 2005. Kuanzia Januari 2007, miche yote ya biashara ilitakiwa kukuzwa ndani ya vibanda visivyopenyeka wadudu. Hatua hiyo haikuokoa mashamba yaliyokwisha kuambukizwa: mavuno ya machungwa yalishuka kutoka masanduku milioni 244 msimu wa 1997-98 hadi takriban milioni 12 msimu wa 2024-25. Ilichosaidia ni kuhakikisha mkulima anayepanda upya haanzi na mche mgonjwa.

Kenya haina sababu ya kujiona salama. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huo imesumbua kwa muda mrefu nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 2017, watafiti walichapisha habari za kupatikana nchini kwa mdudu wa Kiasia, yule yule aliyeusambaza Florida. Mdudu huyo hustahimili joto, hivyo basi mashamba ya Pwani na ya nyanda za chini yamo hatarini.

Kinachohitajika si gharama kubwa. Kila kitalu kilichosajiliwa kingetakiwa kuripoti kwa mwaka miche kiliyouza, aina zake, asili ya vikonyo vilivyopandikizwa na kaunti ilikopelekwa. Takwimu hizo zikiwekwa kando ya zile za hekta, maafisa wa kilimo watajua ni wapi miche isiyokaguliwa inaingia kwa wingi, na ugonjwa ukizuka watajua pa kuanzia msako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima wa machungwa, daftari hilo lafaa kufunguliwa kitaluni, kabla mche haujafika shambani.