Kasheshe la Mjapani na kompyuta

Wiki hii nina ubishi na jamaa wa kijiweni wanaoapa kuwa Mjapani kazaliwa na kompyuta mkononi. Wapi! Redio, saa, televisheni, hapo siwabishii. Lakini kompyuta ya nyumbani ilimtoa jasho miaka mingi, na mchawi mkubwa alikuwa herufi.

Kompyuta ilibuniwa na watu wenye herufi 26. Sisi Waswahili tunaingia humo bila hodi, maana hata hizo 26 hatuzimalizi. Mjapani je? Ana herufi za silabi, tena za aina mbili, halafu juu yake kuna kanji, alama zilizotoka China. Orodha rasmi ya mwaka 1978 ya alama za kutumia kwenye mashine ilikuwa na kanji zaidi ya 6,000. Kibodi ya kutosha zote si ingekuwa kubwa kama kitanda?

NEC walitoa PC-8001 mwaka 1979, kanji ikawa haiziwezi. Sasa mama mwenye nyumba ainunue aandikie nini?

Dawa ilikuwa hii: unaandika mlio, mashine inakuletea alama uchague. Ukiandika "hashi" inakuuliza, daraja, vijiti vya kulia au ukingo? Ni kama "paa" yetu, ila kwao kila maana ina alama yake, na ukikosea barua imeharibika. Toshiba ndio walioanza, na JW-10 iliyotangazwa 1978. Ilikuwa mashine ya kuandikia tu, kubwa kama meza, bei yen milioni 6.3! Baadaye bei ikaporomoka, zikatoka ndogo za kubeba mkononi, na ndizo zilizoingia majumbani miaka ya 1980 kuchapa kadi za Mwaka Mpya.

Na watoto? Mwaka 1983 Nintendo wakaleta Famicom kwa yen 14,800, unachomeka kwenye televisheni ya sebuleni, basi. PC-9801 ya NEC, ya 1982, iliuzwa yen 298,000. Hela hiyo ni Famicom 20, jamani! Baba gani angekubali?

Wengine wanasema eti nyumba zao ni ndogo. Mbona piano zilipata pa kukaa?

Mwaka 1990 IBM ya Japani ikatoa DOS/V, kompyuta za kawaida zikaweza kuonyesha kanji bila kifaa maalumu. Novemba 1995 Windows 95 ya Kijapani ilipotoka, Akihabara watu walipanga foleni usiku wa manane. Ila wapo ambao foleni hiyo haikuwahusu. Februari 1999 NTT DoCoMo walileta i-mode, barua pepe ndani ya simu, kanji unaziita kwa kidole gumba huku umesimama kwenye treni. Sasa huyo umuuzie kompyuta ya nini?