Mkoba wa Binti Mpigapicha

Miaka si mingi iliyopita, mwenye harusi hapa kwetu Pwani alitafuta ukumbi, mpishi na mpambaji, na hapo maandalizi yakawa yamekamilika. Siku hizi huongeza la nne: mpigapicha wa kike. Usiku wa kupamba, wanawake wanapokaa wenyewe kwa wenyewe bila buibui wala mtandio, mwanamume hana njia ya kuingia na kamera, na ziko shughuli ambazo hata simu za wageni huachwa mlangoni. Ndiyo sababu mabinti kadhaa wa mitaa yetu wamejifunza kazi hii, na wazazi wao wakajinyima ili kuwanunulia vyombo. Mkoba wa kuvibebea ndio ununuliwao mwisho, kwa chenji iliyobaki. Sisi twaona ulistahili kufikiriwa mapema zaidi. Kamera ikipotea hununuliwa nyingine. Lakini picha za wake na mabinti za watu, wakiwa vichwa wazi na katika mapambo yao, zikishaanguka mikononi mwa asiyehusika hazirudi.

Kwa hiyo twaanzia mahali ambapo muuzaji haanzii, nako ni mfuko mdogo wa ndani. Kadi ya kumbukumbu haizidi ukubwa wa stempu ya posta, na humo mna shughuli nzima ya watu. Atafutaye mkoba na aufungue kwanza atazame: je, upo mfuko wenye zipu, ulio ndani, upande unaogusa mwili wa mbebaji? Mifuko ya nje ni ya kitambaa cha kufutia lenzi na peremende za koo, si ya kadi. Ndani ya mfuko huo pawe na kipete ambacho kijaluba cha kadi kitafungwa kwa kamba fupi, ili binti akibadilisha kadi usiku wa manane, macho yamemchoka na biharusi anaitwa jukwaani, kijaluba kisisahauliwe juu ya meza ya keki. Wapigapicha wengine huilaza kifudifudi kadi iliyojaa na kuiweka chali iliyo tupu. Desturi hiyo haigharimu hata senti.

Zipu kuu nayo itazamwe. Vishikio vyake viwili viwe na matundu yanayopokea kufuli dogo. Kufuli hilo halimzuii mwizi mwenye kisu. Lamzuia mpwa mwenye udadisi, na dereva aliyeombwa autazame mkoba kwa dakika tano tu. (Mkoba wenyewe, kwa hakika, hauachiwi dereva.) Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo chini yake picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, walakini watu wa Pwani walilijua neno amana kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Tuje kwenye uzito, jambo ambalo mama mzazi hulitambua kabla ya binti mwenyewe, anapomwona asubuhi akijisugua bega. Kamera ya kazi bila lenzi huwa na gramu 600 hadi 800. Lenzi nene inayofaa ukumbi wenye mwanga hafifu hukaribia kilo 1, na flashi pamoja na betri zake ni kama nusu kilo. Ongezeni lenzi ya pili, betri za akiba na chaja, mzigo wafika kilo 4 kabla mkoba wenyewe haujahesabiwa. Iko mikoba migumu ambayo peke yake ina kilo 2, kwa hiyo binti hubeba sponji na hewa usiku kucha. Mkoba mkubwa una hila nyingine pia: nafasi iliyobaki haikai tupu. Itajazwa viatu, chupa ya maji na kitu cha shangazi.

Shanta la mgongoni hugawa uzito kwa mabega mawili, na kwa safari ndefu hatuna la kulipinga. Ndani ya ukumbi, hata hivyo, halifai sana. Kila binti atakapo lenzi hana budi kulivua na kulilaza chini, katikati ya miguu ya watoto na vikombe vya sharubati. Tena katika msongamano wa kivuko cha Likoni hamwoni anayeifungua zipu nyuma yake. Mkoba wa begani hufunguka ubavuni, mbele ya macho. Kasoro yake kwa wanawake wa kwetu ni kwamba kitambaa cha buibui ni laini na mkanda huteleza. Dawa yake ni mkanda mpana wenye mpira upande wa chini. Na ukikatisha kifuani, upitishwe chini ya mtandio, maana ukiwa juu yake kila mkoba unapohama mtandio huvutwa nao.

Muulizeni pia muuzaji mkoba wafungwa kwa nini. Mingi hufungwa kwa vile vitambaa vya kunatana ambavyo huachana kwa sauti ya kuraruka. Dua inasomwa, watu wamenyamaza, kisha kraa! Zaidi ya aibu hiyo, meno yake hushika lesi. Gauni la biharusi lililokodishwa likinaswa na mkoba ukumbini, hasara yake hupita malipo ya usiku ule. Buckle ya plastiki au zipu ni bora.

Jambo ambalo vitabu vya wazungu hulipitia haraka, nasi hatuwezi, ni hewa yetu. Unyevu wa hewa ya Mombasa hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na katika hali hiyo kuvu huota ndani ya lenzi: nyuzi nyembamba kama utando, ambazo hula tabaka lililopakwa juu ya kioo. Hata fundi akizisafisha, alama huweza kubaki. Kuvu hupenda giza, joto na unyevu, na mkoba uliofungwa uvunguni mwa kitanda una vyote vitatu. Kwa hiyo mkoba si kabati. Kazi ikiisha, vyombo vitolewe, mkoba uachwe wazi penye upepo, na kamera ilale katika kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la kuwekea vyakula, pamoja na vifuko vya silika jeli. Zile chembe za bluu zinazogeuka waridi zina kobalti, nayo haifai karibu na chakula wala mikono ya watoto. Penye familia twapendekeza zile za rangi ya chungwa, ambazo hugeuka kijani zikishiba maji.

Kwa sababu iyo hiyo, ulizeni sponji ya ndani ni ya namna gani. Sponji ya godoro hunyonya jasho la mgongo na manyunyu, kisha huyatunza siku nzima. Ile ngumu, yenye vitundu visivyopitana, haishiki maji. Na binti anapotoka ukumbi wenye kiyoyozi kuingia joto la nje, azitie kamera mkobani na kufunga zipu angali ndani, asifungue mpaka vyombo vimepata joto polepole, kama nusu saa. Akizitoa baridi penye hewa nzito, lenzi hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu.

Anayekwenda kufanya kazi Lamu huvuka kwa boti kutoka Mokowe, na hapo mkoba hukaa mapajani, kamwe si chini, ambako maji hutuama. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, kwa hiyo fundi ashone kifuniko kwa kitambaa cha mwavuli. Akifika, apanguse zipu kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani chumvi ikikaukia humo meno hukwama.

Kuhusu bei, hatuoni lazima ya jina kubwa. Jina la kampuni ya kamera likiandikwa mkobani humwambia mwizi kilichomo. Kampuni ya Billingham ya Uingereza ilianza mwaka 1973 kwa kushona mikoba ya wavuvi wa samaki, na wapigapicha ndio walioipenda wakaigeuza kuwa ya kamera. Binti zetu nao waweza kutazama nyumbani kwanza. Mkoba wa nepi wa mtoto aliyekwisha kukua una mifuko mingi, hufuteka upesi, na hakuna anayeutamani. Sponji yenye vigawanyo huuzwa peke yake, au fundi wa mikoba huweza kuikata kwa kipimo cha vyombo vyenyewe.

Anayenunua dukani aende na kamera yake, amevaa buibui lake la kazi. Avitie vyombo vyote, avae mkoba, kisha ainame chini kana kwamba aokota pini ya biharusi. Mkoba ukimtelezea mbele na kumgonga usoni mtoto aliyesimama karibu, aurudishe juu ya rafu na kuomba mwingine.