MFANYAKAZI ALIYEHAMISHWA ALALE WAPI?

Barua ya uhamisho ni karatasi moja tu, lakini hung'oa nyumba nzima. Mwalimu aliyekuwa Morogoro huambiwa aripoti Kigoma. Mkunga aliyezoea Tanga huelekezwa kwenye zahanati ya milimani. Barua humwambia kazi yake, kituo chake na tarehe ya kuripoti. Haimwambii alale wapi. Hilo huachiwa yeye mwenyewe, akiwa na watoto na masanduku stendi, na mara nyingi huamua kwa siku moja jambo litakalomsaidia au kumtesa kwa miaka mingi. Leo twapenda kulizungumza jambo hilo, kwa maana twaona kwamba si la mtu na mkewe peke yao. Ni jambo la umma.

Zamani za ukoloni hapakuwa na kuchagua. Miji yetu iligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni penye upepo na miti, Uhindini penye maduka, na Uswahilini penye watu wengi na mabomba machache. Uhuru wa 1961 uliivunja mipaka hiyo. Azimio la Arusha la 1967 likaenda mbele zaidi, likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ikayataifisha majumba makubwa ya kupangisha. Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1991 masharti ya uongozi yalilegezwa, na kuanzia 2002 nyumba nyingi za Serikali walimokuwa wakikaa watumishi ziliuzwa. Hatuyasemi haya ili kufufua ugomvi uliokwisha. Twayasema kwa sababu matokeo yake yapo mlangoni: mtumishi anayefika leo katika mji mgeni, mara nyingi hakuti nyumba inayomngoja. Rangi haimchagulii tena mahali pa kulala. Mkoba wake ndio unaomchagulia.

Natuutazame mkoa wa Kigoma, ambako swali hili si geni. Ujiji ndiyo iliyokuwa mji mkubwa wa ufuko huu, mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, haikuishia Ujiji. Iliishia kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina cha kutosha meli. Tangu siku hiyo kazi za reli, bandari na ofisi zikakaa Kigoma, na watu wengi wakabaki Ujiji. Kati ya miji hiyo miwili pakajaa Mwanga, Gungu na Katubuka, hata leo zote ni manispaa moja. Hivyo watu wa Kigoma wamekuwa wakilala huku na kufanya kazi kule kwa zaidi ya miaka mia moja. Na wageni wataongezeka. Mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na reli huvuta watu kama taa inavyovuta kumbikumbi.

Mgeni huyo atachagua nini? Akikaa Kigoma mjini, atakuwa karibu na benki, hospitali na stesheni, lakini kodi itamla. Akikaa Ujiji, atapata mji wenye adabu za kale, miembe ya vivuli vipana, dagaa, migebuka na mawese mlangoni, na majirani watakaomjulia hali kabla hajafungua sanduku. Lakini ajihadhari na vyumba vya karibu mno na ufuko. Maji ya Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka, na yalipopanda mwaka 2024 watu wengi wa mwambao walijuta kujenga chini. Kodi ndogo kwenye nyumba inayoingia maji si kodi ndogo.

Akikaa Mwandiga, atakuwa penye njia panda: barabara moja yaelekea Kasulu, nyingine yapanda milimani kwenda Kalinzi na Manyovu, mpakani mwa Burundi. Wengi wamepapenda Mwandiga kwa sababu hiyo. Usafiri hupatikana, viwanja si vya bei ya mjini, na mtu na mkewe wakifanya kazi pande mbili mbalimbali, kila mmoja hupata gari lake.

Lakini twataka kukaa zaidi juu ya Kalinzi. Watumishi wengi waliopangiwa kazi huko huona ni mahali pa kufanyia kazi tu, si pa kuishi. Kalinzi iko kilometa 30 na zaidi kutoka Kigoma mjini, juu kabisa ya joto la ziwani. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kutosha sweta. Ni nchi ya kahawa, migomba na maharage, ambayo wakulima wake wamejenga jina la kahawa yao kwa jasho na kwa ushirika. Zamani mtu angeweza kusema barabara ni mbovu. Sasa lami imepanda hadi Manyovu, na hapa ndipo penye fumbo: barabara ile ile iliyojengwa ili huduma ifike kijijini, imekuwa pia njia ya mtumishi kutoroka kijijini kila jioni.

Natuseme wazi yanayotokea katika vijiji vingi vya namna hiyo. Mwalimu anayelala mjini huondoka alfajiri. Gari likichelewa, darasa humngoja. Mvua ikinyesha, darasa humngoja. Saa tisa macho yake yako barabarani, na mtoto aliyetaka kuuliza hesabu huambiwa aje kesho. Nauli ya kila siku humla mshahara ule ule aliotaka kuuokoa. Lakini mwalimu akichelewa, somo laweza kurudiwa. Uchungu wa uzazi hauna kesho. Mama mjamzito aliyebebwa usiku wa manane kutoka bondeni, akiukuta mlango wa zahanati umefungwa kwa kuwa mkunga amelala kilometa 30 mbali, amlalamikie nani? Twasema tena, hili si jambo la mtu na mkewe peke yao.

Hata hivyo, ni dhuluma kumtupia mtumishi lawama zote. Mwulizeni sababu, naye atawajibu. Kijijini hakupata ila chumba kimoja kisicho na dari, naye ana watoto wanne. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na posho ya uhamisho ilikuwa haijafika. Mkewe ana kazi mjini. Mtoto wake mkubwa yuko kidato cha tatu na hataki kumhamisha tena. Hizo si hila za mvivu; ni hesabu za mzazi. Anayemtaka mtumishi alale kijijini, na amwonyeshe kwanza kitanda kitawekwa wapi.

Kwa hiyo twaona kila upande una sehemu yake.

Halmashauri zijue kwamba nyumba ya mwalimu ni sehemu ya shule, na nyumba ya mkunga ni sehemu ya zahanati. Jengo la matibabu bila nyumba ya mtumishi ni duka lisilo na mwuzaji. Posho ya uhamisho nayo ilipwe mtu angali na masanduku mkononi, si baada ya kukopa kila mahali.

Wanakijiji nao watazame mbali. Mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mgeni asiye na kitu, amfukuza mtu ambaye angemfundishia mwanawe. Ikiwa wakulima waliweza kuungana kuuza kahawa, hawashindwi kufyatua matofali ya nyumba mbili za watumishi.

Na wewe ndugu mfanyakazi, usilipe kodi ya nyumba uliyoiona mchana tu. Iendee usiku, uone giza lake. Iendee siku ya mvua, uone njia yake. Uliza maji yatoka wapi na hukauka mwezi gani. Jumlisha nauli ya mwezi na kodi ya mwezi, usitazame kodi peke yake. Kisha jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayejua kujibu salamu za watu, akahudhuria mazishi yao na kupanda mchicha wake uani, haitwi mgeni tena, na usiku wa shida hatakuwa peke yake.

Sisi hatumlazimishi mtu kukaa Kalinzi, wala hatuwabezi wanaokaa Mwanga au Ujiji kwa sababu za haki. Karani wa bandari alale karibu na bandari. Lakini ambaye kazi yake ni watu wa milimani, na alale milimani, nasi sote tuhakikishe amepata pa kulala. Barabara ya lami ni jambo jema. Hapana budi imlete mtumishi kwa wananchi, si kumpeleka mbali nao kila jua linapotua.